Kirikuu kipite gereji kabla ya kupakia mzigo wa kwanza

Kila msimu wa mavuno unapokaribia, biashara ya magari yaliyotumika huchangamka. Mkulima aliyeuza mpunga kwa bei nzuri, mama wa sokoni aliyechoka kukodi usafiri na kijana aliyepata mkopo wa SACCOS, wote huelekea yadi au kwa dalali wakitafuta kitu kimoja: gari dogo la kubeba mzigo.

Wengi wao hurudi na kirikuu. Jina hilo la mitaani limewashika vigari vya mizigo vya Kijapani vya aina ya Suzuki Carry na wenzake, ambavyo sasa vinaonekana katika masoko ya mijini na kwenye vijiji vinavyolima mboga na matunda. Wenye mtaji mkubwa zaidi huchukua pikapu ya Toyota Hilux au Kenta.

Uamuzi huo si mbaya. Mkulima mwenye usafiri wake hana ulazima wa kumsubiri mchuuzi shambani na kupokea bei anayopangiwa. Anaweza kupiga simu masoko mawili au matatu, akachagua lenye bei nzuri na kupeleka mzigo siku hiyo hiyo. Kwa mazao yanayooza haraka kama nyanya, kabichi na maparachichi, uwezo huo una thamani kubwa.

Tatizo ni kinachofuata baada ya manunuzi. Mara nyingi fedha yote inaishia kwa muuzaji. Jumatatu gari linakabidhiwa, Jumanne limepakiwa matenga ya nyanya. Hakuna aliyeinua kiti kuangalia injini, hakuna aliyemwaga oili, hakuna aliyefungua magurudumu kuona breki zimebaki kiasi gani. Kisha gari linachemsha njiani, na mzigo unaanza kuvuja maji chini ya jua.

Ni vema ikaeleweka mapema kwamba bei ya gari lililotumika haiishii kwa muuzaji. Bei yake halisi ni ile aliyolipwa muuzaji pamoja na gharama za matengenezo ya kwanza. Mnunuzi anayezitoa gharama hizo mwanzoni hulipa kidogo, kwa wakati anaoutaka na kwa fundi aliyemchagua mwenyewe. Anayezikwepa huzilipa katikati ya msimu, kwa fundi aliye karibu, na kwa bei ya mtu asiye na njia nyingine.

Gari "zima" lina maana gani?

Kauli za wauzaji zinafahamika. "Injini haijaguswa." "Ni kuwasha na kuondoka." "Mwenye gari alikuwa mtu mzima, analitunza." Kauli hizi zinaweza kuwa za kweli, lakini hazimwambii mnunuzi oili ilimwagwa lini, mkanda wa taimingi una kilomita ngapi, wala mafuta ya breki yana miaka mingapi.

Magari mengi yaliyotumika yanayoingia Tanzania hutoka Japani, ambako magari mengi hufanyiwa ukaguzi wa lazima kila baada ya miaka miwili. Kadiri gari linavyozeeka, gharama za kulivusha kwenye ukaguzi huongezeka, na hiyo ni moja ya sababu zinazowafanya wenyewe wayauze. Kwa maneno mengine, gari linaweza kuuzwa likiwa linatembea vizuri, lakini likiwa limefikia umri wa kubadilishiwa vitu kadhaa kwa mpigo.

Umri wa magari yenyewe nao una mchango wake. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Tanzania haikuweka katazo la namna hiyo. Yenyewe hutoza ushuru wa ziada kwa magari yaliyozeeka. Kwa hiyo mnunuzi wa Tanzania ana nafasi ya kupata gari la bei anayoiweza, lakini pia ana wajibu mkubwa zaidi wa kulikagua.

Kwa gari la mkononi ambalo limekwisha kutembea nchini, hali ni ngumu zaidi. Linaweza kuwa limepita kwa wamiliki watatu au wanne, kila mmoja akiwa na fundi wake, na hakuna hata mmoja aliyeandika alichokifanya. Namba iliyo kwenye dashibodi haitoshi kuwa ushahidi, kwa kuwa saa ya kilomita inaweza kurudishwa nyuma. Usukani uliolika, pedali za breki na klachi zilizokwisha mpira na kiti cha dereva kilichobonyea husema ukweli zaidi kuliko namba hiyo.

Hivyo basi, njia salama ni moja. Mnunuzi alichukulie gari kana kwamba halijawahi kufanyiwa huduma yoyote, na aanze hesabu upya kutoka sifuri.

Hesabu ya fedha

Wapo wanaosema hawana fedha ya kupeleka gari gereji kwa sababu wametoa yote kununua gari. Hapo ndipo kosa la hesabu linapoanzia. Mwenye shilingi milioni 9 hapaswi kutafuta gari la shilingi milioni 9. Anapaswa kutafuta la shilingi milioni 8 au zaidi kidogo, ili fedha inayobaki itoshe kubadilisha umiliki, kukata bima na kufanya matengenezo ya kwanza. Kutenga walau sehemu moja ya kumi ya bei ya gari kwa ajili ya gereji ni kanuni rahisi ambayo mtu yeyote anaweza kuikumbuka.

Mfano ufuatao unaonyesha sababu. Kirikuu kinachomwachia mwenyewe shilingi 40,000 kwa siku baada ya kutoa mafuta na posho ya dereva, kikinoki injini na kukaa gereji siku 21 za kazi, kimempotezea shilingi 840,000. Hapo bado hajalipa fundi, bado hajanunua spea, na bado hajahesabu mzigo uliooza siku gari lilipokufa. Kama gari lilinunuliwa kwa mkopo, marejesho ya mwezi huo hayasimami.

Kiasi hicho peke yake, ambacho ni mapato yaliyopotea tu, kinaweza kulingana na fedha yote ambayo angeitumia kufanya huduma ya kwanza kwa utulivu. Wahenga walikwisha kusema kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta.

Matengenezo ya kwanza hayana maana ya kubadilisha kila kitu. Mwenye fedha kidogo anapaswa kupanga kwa mstari: kwanza vile vinavyoweza kuua mtu, pili vile vinavyoweza kuua injini, na mwisho kabisa rangi, redio na viti. Bahati mbaya wengi huanza na vya mwisho. Gari linapigwa rangi na kuandikwa maneno kwenye kioo wakati breki ni zile zile lililokuja nazo.

Breki, tairi na usukani

Fundi afungue magurudumu yote manne, si ya mbele pekee. Aangalie unene wa pedi za mbele na viatu vya breki vya nyuma, na kama kuna mafuta yanayovuja ndani ya magurudumu. Breki za nyuma husahauliwa sana, ingawa gari la mzigo huzitegemea mno linapokuwa limejaa.

Mafuta ya breki yabadilishwe, hata kama kikopo chake kimejaa. Mafuta haya hunyonya unyevu kutoka hewani, ndiyo maana watengenezaji wengi hushauri yabadilishwe kila baada ya miaka miwili. Yakiwa na maji, huchemka mapema breki zinapopata joto, na mvuke ukiingia kwenye mfumo dereva hukanyaga pedali ikaenda hadi chini bila gari kusimama.

Jambo hili si la nadharia kwa watu wanaoshusha mboga kutoka Lushoto kwenda Mombo, au kutoka Mgeta kwenda Morogoro mjini, wala kwa wanaotoka na nyanya Ilula na kuuteremka Mlima Kitonga. Katika miteremko hiyo breki hupata joto kwa dakika nyingi mfululizo. Dereva mzuri hutumia gia ndogo ili injini isaidie kulizuia gari, lakini hata huyo anahitaji mafuta ya breki yaliyo mazima.

Kwenye tairi, kuangalia kashata pekee hakutoshi. Ubavuni mwa tairi kuna alama ya DOT inayoishia na tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka tairi lilipotengenezwa. Tairi lenye 2319 lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata kama haujatembea. Baadhi ya watengenezaji wakubwa hushauri tairi lililotumika miaka 5 likaguliwe kila mwaka, na lililofikisha miaka 10 tangu kutengenezwa liondolewe hata likionekana jipya.

Vilevile tairi la gari dogo la abiria lisifungwe kwenye gari la mzigo kwa sababu tu linaingia kwenye rimu. Tairi nyingi za virikuu ni za kubebea mzigo, zenye alama ya LT na idadi ya matabaka kama 6PR. La abiria likibebeshwa magunia hupata joto na kupasuka.

Kwenye usukani, fundi alinyanyue gari kwa jeki, atikise magurudumu ya mbele na kukagua boljointi, tairodi na beringi. Mlio wa "kong'o kong'o" gari linapopita kwenye matuta si wa kuzoea. Taa zote, honi na vifuta kioo vijaribiwe siku hiyo hiyo, na mnunuzi ahakikishe gari lina jeki, spana ya magurudumu na tairi la akiba lenye upepo.

Oili, maji na mkanda

Mara gari linapofika mikononi mwa mmiliki mpya, oili ya injini imwagwe na chujio lake libadilishwe. Fundi aikague ile oili chafu. Ikiwa na rangi ya maziwa, au kifuniko cha kujazia oili kikiwa na utando kama wa chai ya maziwa, huenda maji yanaingia kwenye injini na gasketi ya silinda hedi ina tatizo. Ikiwa na vipande vya chuma vinavyong'aa, kuna kitu kinasagika ndani.

Moshi nao una lugha yake. Wa bluu unaashiria kwamba injini inakula oili. Mweupe mzito usiokwisha hata injini ikipata moto unaashiria maji kuingia mahali pa kuchomea mafuta. Mweusi unaonyesha mafuta hayachomwi yote, na chanzo kinaweza kuwa kitu rahisi kama chujio la hewa lililoziba vumbi. Ukaguzi huu ufanywe asubuhi injini ikiwa ya baridi, kwani gari lililopashwa moto kabla mnunuzi hajafika huficha mambo mengi.

Injini ya kirikuu ina ujazo usiozidi sentimita za ujazo 660, na oili yake ni kidogo kuliko ya gari kubwa. Kwa sababu hiyo, upungufu wa nusu lita ambao usingelitetemesha lori unaweza kukinoki kirikuu. Kijiti cha oili kinapaswa kuchomolewa kila asubuhi, gari likiwa mahali pa tambarare.

Rejeta nayo inahitaji uangalizi. Maji ya bomba au ya mto yanayojazwa kila siku huleta kutu na magadi ndani ya injini. Yamwagwe, mfumo usafishwe na kulanti inayofaa ijazwe. Mipira ya rejeta iliyolegea au kupasuka ibadilishwe, na feni ihakikishwe kuwa inafanya kazi. Ni mwiko kufungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto.

Kuna tabia iliyozoeleka katika gereji nyingi ya kuondoa themostati kila gari linapochemsha. Hiyo si tiba. Themostati huiwezesha injini kufikia joto lake la kazi na kubaki hapo. Ikiondolewa, injini hufanya kazi ikiwa baridi muda mrefu, hula mafuta zaidi na kulika mapema, huku chanzo halisi cha kuchemsha kikiwa hakijaguswa. Mnunuzi amwulize fundi kama ipo, na kama imetolewa irudishwe.

Mkanda wa taimingi unastahili kutajwa peke yake. Ukikatika, katika injini nyingi valvu hugongana na pistoni na injini huharibika kwa sekunde chache. Injini nyingi zenye mkanda hutakiwa kubadilishiwa katika kilomita 100,000 hivi. Si kila injini inao. Kwa mfano, injini ya Suzuki ya F6A iliyo kwenye virikuu vya zamani hutumia mkanda, lakini ya K6A iliyoifuata hutumia mnyororo. Injini za dizeli za Hilux za zamani kama 3L na 5L hutumia mkanda.

Aina ya injini huandikwa kwenye kibati cha gari, kwa hiyo fundi hana haja ya kubahatisha. Kwenye baadhi ya magari yaliyotoka Japani huwapo pia kibandiko kinachoonyesha kilomita mkanda ulipobadilishwa, na hata kama maandishi ni ya Kijapani tarakimu zinasomeka. Pasipokuwa na ushahidi, mkanda ubadilishwe. Kazi hiyo ina gharama, lakini haifanani kabisa na gharama ya kununua injini nyingine.

Mengine ya kufanywa katika ziara hiyo moja ni chujio la hewa, plagi kwa gari la petroli, na chujio la dizeli kwa gari la dizeli, likiwa ni pamoja na kumwaga maji yanayojikusanya chini yake. Oili ya gia boksi na ya difu ikaguliwe. Betri na altaneta zipimwe kwa mita: betri nzima iliyopumzika husoma volti 12.6 hivi, na injini ikiunguruma kipimo hupanda hadi kati ya 13.8 na 14.4. Chini ya gari chesisi iangaliwe kama imeliwa na kutu, kwani magari yaliyotumika katika maeneo ya theluji ya Japani, ambako chumvi humwagwa barabarani, huweza kuoza chini huku bodi ikiwa inang'aa.

Mzigo uliozidi hufuta matengenezo yote

Hata gari lililotoka gereji leo litarudi mapema kama mwenye nalo haheshimu uzito wake. Kirikuu kilitengenezwa Japani kubeba mzigo wa kilo 350. Hiyo ni sawa na magunia matatu na nusu ya kilo 100. Kama tenga moja la nyanya lina kilo 40, matenga 8 yanafikia kilo 320.

Katika barabara nyingi, hata hivyo, huonekana virikuu vikiwa na magunia 8 au 10, na juu yake vibarua wawili. Mengine ni magunia ya lumbesa, ambayo yamezidi kilo 100 kila moja, kiasi kwamba hata anayehesabu magunia anajidanganya.

Dawa inayotumika sana ni kuongeza vyuma vya springi. Gari linaacha kulala nyuma, na mwenyewe anaamini limeongezewa nguvu. Ukweli ni kwamba springi imeongezwa, lakini breki, beringi, ekseli, klachi na tairi ni zile zile. Gari lililokuwa likionyesha kwa macho kuwa limezidiwa sasa limezidiwa bila kuonekana.

Mfanyabiashara mwenye mzigo wa tani moja kwa safari ana njia mbili za halali: kwenda safari tatu, au kununua gari la ukubwa unaostahili. Hesabu hiyo ifanywe kabla ya kununua, si baada ya ekseli kukatika.

Karatasi nazo ni matengenezo

Namba ya chesisi iliyo kwenye gari ilinganishwe na iliyo kwenye kadi, herufi kwa herufi. Gari la mkononi litazamwe kama linadaiwa faini za barabarani au maegesho, kwa kuwa madeni hayo huifuata namba ya gari na si jina la dereva aliyekamatwa. Umiliki ubadilishwe Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) mapema, badala ya kuendesha miaka miwili kwa jina la mtu ambaye huenda amehama au amefariki.

Jambo moja limepungua usumbufu. Tangu bajeti ya mwaka 2017/18, ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa na mzigo wake kuhamishiwa kwenye bei ya mafuta. Bima bado ni lazima. Ikumbukwe kuwa kwa kawaida bima hailipi injini iliyonoki kwa kukosa oili wala klachi iliyokwisha kwa uchakavu, hata kama ni bima kubwa. Hasara hiyo ni ya mwenye gari.

Daftari na akiba ya kilomita

Baada ya huduma ya kwanza, mmiliki anunue daftari. Kila kinachofanyika kiandikwe: tarehe, kilomita, kilichobadilishwa, jina la fundi na bei. Risiti zibanwe humo. Daftari hilo humzuia fundi kubadilisha kitu kile kile mara mbili, na siku ya kuliuza gari huwa ushahidi ambao dalali hawezi kuubishia.

Oili isingoje miezi sita kwa mazoea. Kirikuu kinachokwenda kilomita 120 kwa siku, siku tano kwa wiki, kinafikisha kilomita 600 kwa wiki. Kama kinafanya kazi ya mzigo katika vumbi, na oili yake inapaswa kubadilishwa kati ya kilomita 3,000 na 5,000, basi zamu yake ni kila baada ya wiki tano hadi nane.

Fedha ya kazi hiyo itoke kwenye gari lenyewe. Mmiliki akitenga shilingi 50 kwa kila kilomita, gari hilo linaweka akiba ya shilingi 30,000 kwa wiki. Kwa wiki 50 za kazi hiyo ni shilingi milioni 1.5, inayotosha kusaidia tairi, betri na matengenezo makubwa bila kuuza mbuzi wala kugusa ada ya shule. Fedha hiyo si faida. Anayeihesabu kama faida anakula gari lake kidogo kidogo.

Wakopeshaji na mafundi wana wajibu

Mzigo huu usiachwe kwa mnunuzi peke yake. SACCOS na taasisi zinazokopesha wananchi kununua magari zimezoea kukopesha bei ya gari na kushikilia kadi kama dhamana. Lakini kadi ya gari lililokufa haina thamani kubwa. Ingekuwa busara mkopo ujumuishe fungu la matengenezo ya kwanza, na fedha ya muuzaji isitolewe hadi fundi anayeaminika na pande zote, asiye wa muuzaji wala wa dalali, awe amelikagua gari na kuandika alichokiona.

Gharama ya ukaguzi wa namna hiyo ni ndogo ikilinganishwa na mkopo unaoshindwa kulipika. Tena ripoti ya fundi humpa mnunuzi hoja ya kupunguza bei. Tairi nne zilizokwisha muda na mkanda usio na historia ni vitu vyenye bei inayojulikana madukani, na muuzaji mkweli hawezi kukataa kuvijadili.

Mafundi nao watoe risiti na kumrudishia mteja spea ya zamani iliyotolewa. Wale watakaofanya hivyo watapata wateja wa kudumu, kwa sababu mkulima anayeendesha gari la biashara hahitaji fundi wa bei ya chini mara moja. Anahitaji gari lisilosimama msimu mzima.

Kirikuu kimoja kilicho kizima kinaweza kuibadilisha familia ya mkulima kutoka kuuzia shambani hadi kuuzia sokoni. Kilicho kibovu kinaweza kuifanya iuze shamba ili kulipa mkopo. Tofauti kati ya viwili hivyo mara nyingi ni siku mbili tu za gereji, na fungu la fedha ambalo mnunuzi aliamua kutomkabidhi muuzaji. Anayekwenda kununua gari wiki hii alitenge fungu hilo kwanza, ndipo azungumze bei.